Mkono wa Kinyozi

Karakana ya baiskeli, ukingoni mwa mto
3 Februari

Mpwa wangu,

Pokea salamu za mjomba wako, mvuvi ambaye mto huu haujapata kuona mfano wake. Ningekupigia simu, lakini huku mtandao haufiki, na hata ungefika, simu yangu iko tumboni mwa sangara tangu mwaka juzi. Kinyozi anasema niliiangusha majini nikivua viatu. Usimsikilize. Barua hii nampa dereva wa lori la barafu, maana yeye hupita siku moja na kuacha moja.

Jana nilifunga karakana, Kinyozi naye akafunga kibanda chake cha kunyolea, tukafuata ukingo mpaka pale ng'ombe wanapoteremkia kunywa maji. Mto umejaa, mtu wa ng'ambo unamwona mdogo kama siafu. Sisi hatuvui kwa minyoo. Nimechukua kijiko cha chai, nikakata mpini, nikakitoboa, nikakiunga kwa waya wa spoki, na nyuma yake nikafunga unyoya mwekundu wa jogoo na ndoana ya meno matatu. Unakirusha mbali, halafu unakunja mshipi polepole. Kijiko kinayumba majini kama kisamaki kilichoumia, na sangara akikiona hawezi kujizuia, anakipiga kwa hasira mpaka fimbo inakuruka mkononi.

Nilimpata mmoja. Nikikwambia alikuwa mrefu kama mlango wa karakana utasema natia chumvi, kwa hiyo nasema dirisha. Kinyozi alipata vile visamaki vya kukaangia paka.

Kuna jambo dogo. Kinyozi aliumia. Kijiko chake kilinasa kwenye gogo, akakivuta kwa pupa, kikamrukia, na jino moja la ndoana likamzama kiganjani, mkono wa kulia, chini ya kidole gumba. Ndoana yenyewe haikuwa mpya, iliokotwa palepale kwenye tope la ng'ombe, ina kutu kidogo. Basi nikafanya ile kazi ninayoijua: nikazungusha mshipi kwenye tumbo la ndoana, nikakandamiza shingo yake chini, nikavuta mara moja kwa ghafla. Ikatoka. Kinyozi alilia kama mbuzi, mimi hata jicho halikupepesa. Nikampaka grisi ya mnyororo, nikamfunga kitambaa, mambo yakaisha.

Mwandiko wangu umepinda kwa sababu naandikia juu ya tandiko la baiskeli.

Kwa kuwa wewe ni muuguzi, Kinyozi ameniomba nikuulize kama jambo la namna hii linaweza kuwa na ubaya wowote. Si kwamba anaogopa. Anauliza tu.

Ni mimi mjomba wako,
Mfalme wa Sangara

*

Hospitali, wodi ya wanaume
4 Februari

Shikamoo Mjomba,

Nilicheka habari ya simu, nikaacha kucheka nilipofika kwenye tope la ng'ombe.

Tafadhali nisikilize kama mtu mzima anavyomsikiliza mtu mzima mwenzake. Tundu dogo lenye kina, kutu, mavi ya ng'ombe, halafu grisi ya kuziba juu: huko ndiko pepopunda hupenda kukaa. Kidonda kinaweza kufunga vizuri kabisa, kikakauka, mtu akakisahau, huku ndani ugonjwa unatembea. Mpeleke Kinyozi zahanati leo hii wakamwoshe kidonda na kumchoma sindano. Ile zahanati ya njia panda wanayo. Usikubali aseme amepona.

Akikuambia taya limekaza, au shingo, au chakula hakipiti vizuri, basi zahanati haitoshi tena, mpakie kwenye lori umlete hapa kwangu.

Sikuandikii kukutisha. Hapa wodini tuna mfyatua matofali aliyekanyaga msumari. Tumemlaza chumba cha giza, tunatembea pekupeku. Mlango ukibamizwa, mwili wake wote unakakamaa na mgongo unapinda kama upinde, hadi unaona nafasi kati yake na kitanda. Na akili zake zimetimia, Mjomba. Anajua kila kinachomtokea.

Najua wewe na sindano hamsalimiani, ila hii si yako. Msindikize tu rafiki yako, umshike mkono, ukamtanie akilia.

Mpwa wako

*

Karakana
8 Februari

Mpwa wangu,

Barua yako niliipata, nikamsomea Kinyozi neno kwa neno. Amekataa. Nimebembeleza, nimefoka, nimemwita majina, yeye kichwa chake ni jiwe. Anasema kidonda kimefunga, hata usaha hakina, na mwanamume aliyewahi kushindana na sangara wa ukubwa ule hawezi kuangushwa na tundu la ndoana. Anasema pia kwamba hospitali kuna watu waliingia kwa miguu yao wakatoka wamebebwa. Unajua anamsema nani. Alikuwa dada yangu kabla hajawa mama yako.

Kinyozi anauliza yule mfyatua matofali anaendeleaje. Anauliza pia kama inauma, na kama huanza mchana au mtu akiwa amelala, na mtu akilala nayo, je, huamka? Nimemwambia aache maswali ya kizee, lakini ameng'ang'ania nikuandikie.

Shingo yake imekaza kidogo, ila ni kwa sababu alilala vibaya. Mimi mwenyewe nilimwona alivyolala.

Habari njema ni kwamba Mwenyekiti ameonekana. Huyu ni sangara mzee anayekaa kwenye miamba ya konani, mto unapopinda, mbali, kule kusiko na njia ya gari. Watu husema ni gogo. Mimi nilimtazama machoni, akanitazama, na kati yetu sisi wawili yeye ndiye aliyeinamisha macho. Wiki hii tunamfuata. Kinyozi akimpata Mwenyekiti atasahau mambo ya taya na shingo.

Usijibu mambo mengi. Jibu tu lile la mfyatua matofali.

Mjomba wako

*

Hospitali
9 Februari

Kwa Baba Kinyozi,

Shikamoo Baba. Ni mimi, yule binti uliyekuwa ukimnyoa huku Mjomba amemshika kichwa kwa nguvu. Samahani kwa kukuandikia bila kupitia kwa Mjomba, na nakuomba usimwambie, maana yeye akishika jambo hulipamba mpaka halitambuliki.

Nimesikia habari ya kiganja chako. Najua umekataa sindano, nami siwezi kukulazimisha. Ila Mjomba ameniuliza juu ya mgonjwa wetu mfyatua matofali, akasema wewe ndiye unayetaka kujua. Sikuthubutu kumjibu yeye. Nakujibu wewe. Alifariki leo alfajiri. Alikuwa na nguvu kukuzidi, na kidonda chake kilikuwa kimefunga kama chako.

Dalili zote Mjomba anazijua, nilimwandikia. Panda lori la barafu, Baba. Dereva nimeshamwomba. Nitakupokea getini mwenyewe.

Mwanao

*

Kibanda cha kunyolea
12 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako ilinitia kiwewe, nikajitazama mikono yote miwili, mbele na nyuma. Mimi ni mzima. Nina makovu ya wembe ya miaka mingi, lakini ndoana haijawahi kunigusa. Nimefikiri labda ulikusudia kumwandikia mtu mwingine.

Mwenye kitambaa mkononi ni mjomba wako. Siku ile tulivua mbalimbali, mimi nilikuwa juu kwenye mawe, yeye chini wanaponywea ng'ombe. Aliporudi mkono umefungwa akaniambia amemwingiza sangara kidole mdomoni amtoe kijiko, samaki akafunga mdomo kama mlango wa benki. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Hajanisomea barua yoyote yako wala hajaniuliza habari za sindano.

Sikumwambia kuwa umeniandikia. Lakini jana alikuja kunyolewa, na nitakueleza kitu kwa sababu kimekuwa kikinizunguka kichwani. Mimi nikifika kwenye shavu humwambia mteja afungue mdomo kidogo, ngozi ivutike, wembe upite. Nikamwambia afungue. Akafungua kiasi cha upana wa sarafu. Nikamwambia afungue zaidi. Akasema kwa meno yaliyofungana kwamba anatunza nguvu za mdomo kwa ajili ya kusimulia habari za Mwenyekiti. Watu wakacheka, nami nikacheka. Nilipomshika taya kulinyoosha lilikuwa gumu kama ubao, na jasho linamtoka wakati kibandani kuna kivuli.

Sikutaka kumuuliza mbele za watu, unajua anavyopenda sifa zake. Kesho mapema tunakwenda konani tukalale huko siku mbili. Tukiwa wawili tu nitamuuliza vizuri, na nadhani ataniambia.

Ni mimi,
Kinyozi

*

Hospitali
13 Februari

Mjomba, shikamoo.

Ni mkono wako.

Sina hasira. Dereva akikukabidhi karatasi hii usirudi ndani kuchukua kitu, usifunge karakana, panda. Amepewa maelekezo, hatapiga honi na atakwenda taratibu kwenye mashimo. Ukiwa hupo atakutafuta. Usinijibu kwa barua, nijibu kwa kuja.

Mama hakufa kwa sababu alifika hospitali. Alikufa kwa sababu alichelewa kufika. Hilo hatujawahi kulizungumza mimi na wewe, nami nimechagua siku mbaya ya kulisema.

Hapa hakuna atakayekucheka.

Mpwa wako

*

Kibandani
17 Februari

Mwanangu,

Siku ile getini nilikukabidhi mjomba wako nikageuka kama mwizi. Uliniita, nilikusikia. Sikuweza kukutazama. Ninakueleza kwa kalamu yale ambayo mdomo ulikataa.

Tulifika konani tarehe kumi na tatu. Siku nzima hakula, alisema mvuvi hodari huvua na njaa. Maji alikuwa akiyanywa kwa kuinamisha kichwa na kuyaacha yaingie yenyewe. Nilimuuliza habari ya mkono. Akaniambia, kwa shida, neno moja moja, kwamba ni Mwenyekiti alimng'ata. Nikamwambia: mpwa wako ameniandikia barua. Kisha akachukua fimbo yake akaenda kusimama kwenye mwamba wa mbele kabisa, maji yakimpita pande zote mbili, akaanza kurusha kijiko. Nikajua ananikimbia. Nikasema moyoni, nimwache apoe, kesho nitamshika.

Kesho yake asubuhi alikuwa palepale. Mimi nilikuwa nyuma yake, nawasha moto wa chai. Sufuria ikaniponyoka ikagonga jiwe, na kishindo chake kikarudi kutoka ng'ambo. Nilipoinua macho, mjomba wako alikuwa amekaza fimbo kwa mikono yote miwili na mgongo wake umepinda nyuma, kichwa kikielekea visiginoni, kama mtu anayevutana na samaki wa tani nzima.

Mwanangu, nilifurahi. Nilisema hatimaye amempata. Nikaacha sufuria, nikasimama, nikapiga makofi. Nikampigia kelele: mvute, usimpe nafasi, leo watu watakoma. Yeye akazidi kupinda. Sijui nilipiga makofi kwa muda gani. Kila nikipiga alipinda zaidi, nami nikaona anajionyesha kama kawaida yake, nikazidi kupiga.

Kisha nikatazama mshipi. Ulikuwa umelala juu ya maji, umelegea, unaelea na mkondo. Hapakuwa na kitu upande wa pili.

Nilikimbia kwenye ule mwamba, nikamkuta meno yamefungana, midomo imevutwa kama anacheka, macho yamemtoka, yananitazama mimi tu. Alikuwa akinisikia muda wote ule. Nilimdaka mguu wake mmoja ukiwa umeshaning'inia majini. Nilimbeba mgongoni, na kila nilipojikwaa mwili wake uligeuka ubao. Usiku kucha tulikuwa njiani. Lori lilitukuta njia panda asubuhi ya pili, na dereva akanipa karatasi yako. Niliisoma nikiwa nimemshikilia juu ya magunia ya pumba za mbao, pembeni ya barafu. Sikumsomea. Sauti yangu nilikuwa siiamini tena.

Niambie kama yu hai. Nikikutana na dereva asiponipa barua sijui nitafanya nini.

Kinyozi

*

Hospitali
21 Februari

Baba,

Yu hai leo asubuhi. Sina neno lingine la uhakika la kukupa.

Amelazwa kitanda kilekile cha mfyatua matofali, ndicho pekee chenye chumba cha giza. Nilikataa, kisha nikatandika mwenyewe. Ana mpira kooni wa kupitisha pumzi. Tunampa dawa za kumlegeza, zikipungua mwili unakaza, zikizidi pumzi inapungua, na daktari anasimama katikati ya hayo mawili na saa mkononi. Nikimuuliza atapona lini ananiambia tumalize siku ya leo. Ukisikia daktari anazungumza hivyo na muuguzi wake, Baba, unajua.

Zamu yangu ikiisha huwa siondoki. Kuna vipindi vifupi dawa zinampa nafasi, naye hutikisa vidole kuomba kalamu. Namwekea karatasi chini ya mkono, anaandika bila kutazama. Nilitegemea ataandika habari ya Mwenyekiti. Mara ya kwanza aliandika: mlango umefungwa? Nikamwandikia: umefungwa, na nimeweka blanketi chini yake. Nikamsogezea tochi niliyoifunika kitambaa. Akasoma, akafumba macho.

Jana aliandika: waambie waache makofi.

Hakuna aliyekuwa akipiga makofi. Ilikuwa mvua imeanza kwenye bati. Nilimwandikia kwamba ni mvua. Aliitazama ile karatasi, kisha akaandika chini yake: naogopa. Miaka yote niliyolelewa na mjomba wangu sijawahi kuliona neno hilo likitoka kwake juu ya nafsi yake mwenyewe. Siku zote alikuwa na mtu wa kumbebesha. Nimeikunja karatasi hiyo nikaiweka mfukoni kwenye sare, na kila nikiinama inakwaruza.

Usije sasa. Nyayo ngeni zinamshtua. Na usijiadhibu, maana sufuria humponyoka mtu yeyote. Kama isingekuwa sufuria ingekuwa ndege, au chafya.

Omba tu.

Mwanao

*

Hospitali, wodi ya kawaida, karibu na dirisha
3 Aprili

Ndugu yangu Kinyozi,

Ni mimi. Naandika polepole, vidole bado vina ukaidi wake. Daktari amewaambia wanafunzi wake kwamba hajapata kuona mgongo wenye nguvu kama huu, kwamba mtu wa kawaida mifupa ingevunjika. Mpwa wangu anasema daktari alisema mfupa mmoja ulivunjika kweli. Nimeandika yote mawili, uchague.

Nimekonda. Suruali naishika kwa mkono nikienda chooni, na naenda chooni kwa kushikilia ukuta, mzee wa kitanda cha jirani ananipita. Nakula uji. Juzi nilipiga mwayo, mdomo ukafunguka wote, nikalia mbele ya watu.

Mpwa wangu amenionyesha barua yako. Aliificha mpaka alipoona nimeweza kukaa. Kwa hiyo nitakuambia mara moja tu, nisiulizwe tena.

Ndoana ilipoingia nililia kama yule mbuzi niliyekusingizia. Niliogopa tangu dakika ile. Kila barua ya mtoto ilipofika niliogopa zaidi, na kila nilipoogopa nilikuandika wewe, maana wewe ungeweza kuogopa bila watu kushangaa. Nilifikiri hofu ikikaa kwako haitanipata. Nilipoona shingo inakaza nilikwenda konani kwa sababu kule hakuna zahanati ya mtu kunipeleka.

Kisha pale mwambani mwili ukanipinda, nikataka kukuita, na mdomo ukakataa. Nikakusikia nyuma yangu. Ulikuwa na furaha, Kinyozi. Miaka yote tuliyovua pamoja sijawahi kukusikia ukifurahi namna ile kwa ajili yangu. Nikajua nitakufa huku ndugu yangu ananishangilia, na atakwenda kijiweni kusimulia jinsi nilivyovutwa na Mwenyekiti, watu wakae wacheke, mimi niko chini ya maji. Sikukulaumu. Hiyo ndiyo hadithi niliyokufundisha mwenyewe.

Usiku bado naamka. Mpwa wangu huacha taa.

Wiki ijayo wataniruhusu. Njoo na lori, uje mchana, na ukifika mlangoni useme kwanza ni wewe. Tutavua tena, hilo usiwe na shaka, na nitakupigia chuku kama zamani maana sijui kuishi vinginevyo. Lakini nikianza kukusimulia kitu kikubwa, usicheke haraka. Nitazame uso. Niulize, kwa sauti ya chini, tukiwa wawili, kama ni kweli. Ukiniuliza hivyo nitakujibu.

Ndugu yako